Redio ya mkanda mmoja: Hesabu ya wati zisizopotea

ANAYEZUNGUMZA kwa redio ya masafa mafupi kutoka zahanati ya mbali au chombo cha baharini, na ambaye tegemeo lake ni betri, hana budi kuihesabu kila wati. Hata hivyo, redio ya mtindo wa AM humfujia nguvu nyingi pasipo yeye kujua.

Katika AM, mtambo hurusha vitu vitatu kwa pamoja: wimbi bebaji, ambalo ni chombo tu na halina neno lolote ndani yake, pamoja na mikanda miwili ya pembeni, mmoja juu ya wimbi hilo na mwingine chini. Maneno yamo katika mikanda, tena yale yale kwa yote miwili.

Hebu tutie tarakimu. Chukua kina, yaani kiasi ambacho sauti imelitikisa wimbi bebaji, kuanzia 0 hadi 1. Kizidishe kwa chenyewe, ugawe kwa 4, kisha uzidishe kwa nguvu za wimbi bebaji. Hizo ndizo nguvu za mkanda mmoja. Mathalani, wimbi bebaji likiwa la wati 100 na kina kikiwa 1, kila mkanda hupata wati 25, na jumla inayorushwa ni wati 150. Ukiondoa wimbi bebaji na mkanda mmoja, wati 25 zinazosalia zina ujumbe wote. Umeokoa asilimia 83.3. Na hapo tumemkadiria msemaji mwenye sauti ya kuujaza mtambo! Kina kikishuka hadi 0.5, mkanda huambulia wati 6.25 kati ya 112.5.

Mhandisi John Carson wa Marekani aliomba hataza ya mbinu hiyo mwaka 1915, na simu ya redio baina ya New York na London iliitumia ilipozinduliwa mwaka 1927. Gharama yake ni kwamba redio inayopokea sharti ijiundie wimbi bebaji. Ikikosea kidogo, msemaji husikika kama bata.

Aidha, msemaji akinyamaza, mtambo haurushi kitu. Kwa hivyo, hupimwa nguvu za kilele: mraba wa volti ya kilele, ugawe kwa ukinzani mara mbili. Volti 100 kwenye antena ya omu 50 ni wati 100. Wastani wa mazungumzo huwa chini ya hapo, aghalabu hata chini ya nusu, na anayenunua betri kwa kusoma wati za kilele pekee atalipia asichohitaji.