Hamsini Ikawa Mia Tano

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyonena wahenga, na wenye maduka na vyama vya akiba wanaufahamu vyema msemo huo. Lakini siku hizi madaftari mengi yamehamia ndani ya tarakilishi, na humo hesabu huandikwa kwa lugha ambazo wengi wetu hatuzisomi. Je, lugha hizo zinapofasiriwa, moja kwenda nyingine, ni nani anayeikagua tafsiri?

Swali hili lilinijia Thika, mji wa viwanda na mananasi, nilipokwenda kuzungumza na vijana waandikao programu. Upande huo hawakosekani. Juja, baina ya Ruiru na Thika, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza mwaka 1981. Thika penyewe pana Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2011. Wanafunzi wanapohitimu, wengi hupanga vyumba papo hapo kando ya barabara kuu na kuandika tovuti za watu kwa ujira.

Binti mmoja wa Ruiru alinisimulia kisa cha chama cha akiba cha akina mama wauzao mboga Thika. Tovuti yao ya hesabu iliandikwa zamani kwa lugha iitwayo PHP. Wakataka hesabu ifanyike papo hapo ndani ya simu, ikabidi sehemu hiyo igeuzwe iwe katika lugha ya JavaScript. Barobaro aliyepewa kazi aliomba msaada wa akili bandia, mitambo ile iliyoenea tangu ChatGPT ilipotokea Novemba 2022. Tafsiri ilikuja kwa dakika moja, mstari kwa mstari, nayo ilipendeza machoni.

Majuma machache baadaye mweka hazina akaitwa mwizi. Tovuti ilionyesha kwamba mwanachama fulani amelipa shilingi 500, na sandukuni zilikuwamo 50. Zile 450 ziko wapi? Mama wa watu hakuwa na la kujibu. Alichokuwa nacho ni daftari lake la karatasi, lililoandikwa kwa kalamu kila Jumamosi.

Binti yule akaitwa kutazama. "Mzee," aliniambia, "wezi hawakuwapo. Kulikuwa na alama moja tu ya kujumlisha."

Msomaji, sikiliza. Mwanachama hujaza visanduku viwili: akiba na faini. Huyu aliandika 50 katika akiba na 0 katika faini. Kiandikwacho katika kisanduku, tovuti hukipokea kama maandishi, si kama nambari. Katika PHP alama ya kujumlisha hujumlisha tu, na kuunganisha maneno kuna alama yake nyingine, nukta. Kwa hiyo 50 na 0 zilikuwa 50. Katika JavaScript alama hiyo hiyo ina kazi mbili: ikikuta nambari hujumlisha, ikikuta maandishi huyagandisha pamoja. 50 ikagandishwa na 0, ikawa 500! Lugha hizi zote mbili zilitolewa mwaka 1995, lakini kila moja ina tabia yake. Python, iliyozitangulia kwa miaka minne, ukiipa maandishi na nambari ijumlishe pamoja hugoma kabisa na kukuambia umekosea.

Sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Hati za kale za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi ya "p". Waandishi wengi wakatumia ile ya "b", hata "pata" na "bata" yakaandikwa sawa. Asiyejua Kiswahili angeweza kuzinakili herufi zote bila kasoro, na bado asijue kama shairi linataja ndege au linataja riziki.

Nikamwuliza binti mbona kosa halikuonekana mapema. Akanijibu kwamba upande wa mikopo hesabu ilikuwa sahihi. Alama ya kutoa, katika JavaScript, huyageuza maandishi kuwa nambari kabla ya kufanya kazi. Barobaro alijaribu mikopo, akaona sawa, akaondoka.

Dawa yake ilikuwa ndogo: kila kisanduku kigeuzwe kuwa nambari kwanza, ndipo kijumlishwe. Kazi kubwa ilikuwa kupatambua mahali penyewe, na hapo ndipo daftari la mama lilipofaa. Binti aliingiza malipo ya Jumamosi moja, moja baada ya jingine, akilinganisha jibu la tovuti na kalamu ya mama.

Nikamwomba shauri kwa wanaoanza. Alisema anayetaka msaada, kwa mtu au kwa mtambo, aeleze mambo matatu: alichokiandika, alichokitarajia, na alichokipata. Tena apunguze, alete mistari mitano yenye ugonjwa badala ya mia tano. Na jibu akishapewa, alipime kwa hesabu ambayo jawabu lake analijua tayari, sifuri nayo isisahauliwe.

Mama yule alirudishiwa funguo za sanduku mbele ya wanachama wote. Tovuti wanayo hadi leo, ila daftari la karatasi hakulitupa, na mimi namwunga mkono. Msaada wa dakika moja ni neema, lakini jina la mtu likichafuka halisafishiki kwa dakika moja.