Kuchomeka Tawi Dodoma: Kweli au Si Kweli?

Kampeni ya kuikijanisha Dodoma ilizinduliwa mwaka 2017. Tangu hapo, kwenye vitalu na kwa mafundi bustani husikika maneno mengi kuhusu kupanda miti kwa vipandikizi. Mengine yana mashiko, mengine yanaua miche.

"Mwarobaini, mjohoro na mkrismasi ni miti ya asili ya hapa."
Si kweli. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na Myanmar, mjohoro ni wa kusini na kusini-mashariki mwa Asia, mkrismasi umetoka Madagaska. Anayetaka mti wa pambo wa kwetu atazame mwamba-ngoma, unaotoa maua mekundu wakati matawi yako uchi, au jamii ya komifora, ndugu wa mti wa manemane, wenye gome linalobanduka kama karatasi.

"Kipandikizi kisiponyweshwa kila siku kinakufa."
Si kweli, na kauli hii ndiyo inayoharibu zaidi. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, isiyozidi milimita 600 hivi katika mwaka wa kawaida. Miti kama komifora imezoea kuweka akiba ya maji ndani ya shina. Tawi lake likikatwa na kuchomekwa siku hiyohiyo kwenye udongo uliolowa, jeraha linaoza kabla mizizi haijatokeza. Chagua tawi lililokomaa, unene wa kifundo cha mkono. Lilaze kivulini siku kadhaa, mpaka utomvu ukauke na jeraha lifunge ngozi, ndipo ulichomeke kwenye udongo wa kichanga. Maji kidogo, tena kwa nadra. Majani ya kwanza nayo yasikudanganye: hutoka kwa akiba ya shina, wakati chini hakuna mzizi hata mmoja. Anayeling'oa tawi ili kuchungulia analirudisha mwanzo.

Mnyaa nao hukaushwa jeraha vivyo hivyo, ila maziwa yake ni hatari kwa macho. Vaa glovu, na watoto wakae mbali.

"Msimu wa kukata ni masika, tawi likiwa na majani mabichi."
Kwa miti inayopukutisha majani, si kweli. Kata mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, machipukizi yakiwa bado yamelala. Majani hupoteza maji ambayo tawi lisilo na mizizi haliwezi kuyarudisha. Mkulima wa zabibu wa hapa hashangai: naye huotesha miche kwa pingili za matawi yaliyokomaa, yale yanayokatwa wakati wa kupogoa.

"Hata ukichomeka juu chini, litashika."
Usijaribu bahati. Tawi lina upande wake wa kutoa mizizi, na vipande vikishakatwa vyote hufanana. Mafundi wazuri hukata chini mshazari na juu bapa, hapo hakuna wa kuchanganya.

"Asali ni dawa ya mizizi."
Nusu kweli. Husaidia kuzuia vimelea kwenye jeraha, lakini usiitegemee kama homoni ya kuotesha mizizi. Kwa mwamba-ngoma wala huhitaji homoni ya dukani.

"Matawi ya mti mmoja yanatosha kupamba barabara nzima."
Yatashika, lakini utakuwa umepanda mti uleule mara mia: ugonjwa ukiuweza mmoja, unaiweza safu yote. Mimi ningechukua matawi kwa miti mama tofauti, vijiji tofauti. Waganda wamepanda mtuba, ule wa kutengenezea nguo za magome, kwa vipandikizi vizazi na vizazi, ila kwao mituba iko ya aina nyingi.

"Kila mti huota kwa tawi."
Si kweli. Mbuyu na mgunga ni ya mbegu: loweka kwenye maji ya moto au kwaruza ganda kwa msasa, kisha sia. Waridi la jangwani, adeniamu, hushika kwa tawi, lakini tumbo nene chini ya shina, ambalo ndilo wanunuzi wanalolitaka, hupatikana vizuri zaidi kwa mche wa mbegu.

Na kiwanja kikiwa bado na visiki hai, usikimbilie kitalu. Kwenye mpango wa Kisiki Hai mkoani hapa, wakulima hupogoa machipukizi ya kisiki na kubakiza machache yenye nguvu. Mizizi iko chini tayari, imezoea ukame.