Unataka kamera ndogo? Anza kwa kukagua picha zilizokataa kwa simu yako

Fungua simu yako sasa hivi, uende mahali picha zinakaa. Achana na zile kali ulizoposti ukapata laiki kibao. Pitia 100 za mwisho ukitafuta zile zilizokataa. Harusi ya binamu yako, na kila anayecheza ametoka kama ukungu. Rafiki amesimama mbele ya ukuta mweupe kule Lamu. Ukuta unang'aa, sura yake imekuwa kivuli. Simba wa Nairobi National Park ambaye ukimwonyesha mtu, lazima umwekee kidole: "Ni huyo hapo, karibu na kichaka."

Zihesabu. Kando ya kila moja andika kilichoiharibu: giza, mwendo, umbali, maji, au mwanga uliotoka nyuma. Orodha hiyo ndiyo itakwambia kamera ya kununua, si jamaa wa duka wala mtu wa TikTok. Na kama umemaliza zote 100 hujapata cha kulalamikia, basi habari ni njema: baki na doo zako. Kata tiketi ya SGR, teremka Mombasa, upige picha za Fort Jesus na simu uliyo nayo.

Nasema hivi kwa sababu kamera ndogo zimerudi kwa kishindo. Watu wanazining'iniza shingoni kama mkufu, na bei imefuata fasheni. Fujifilm X100V ya 2020 ilipopata umaarufu mtandaoni, zilizotumika zilianza kuuzwa ghali kuliko mpya. Katika soko kama hilo, ni rahisi kujinyima miezi sita, ukale githeri kila siku, halafu ulete nyumbani kifaa kinachoshindwa na simu iliyo mfukoni.

Sensa, na si ile ya kuhesabu watu

Muuzaji ataanza na megapikseli. Mwache amalize. Picha ya kuchapishwa kwa karatasi ya A4, ikitoka safi kabisa, inahitaji kama megapikseli 9 tu. Instagram nayo huipunguza hata zaidi. Kwa hivyo akikwambia "hii ni 48, boss," mwulize swali moja: sensa yake ni ya ukubwa gani?

Sensa ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi ambacho hupokea mwanga na kuugeuza picha. Ifikirie kama chombo cha kukinga maji ya mvua. Kikombe na karai vikiwekwa chini ya mabati kwa dakika moja, unajua ni kipi kitakuwa na maji mengi. Sensa kubwa hukinga mwanga mwingi, na mwanga ukiwa mwingi picha ya usiku haiwi na zile chenga zinazofanana na mchanga.

Sasa ona tofauti. Kamera ndogo nyingi za bei nafuu hutumia sensa inayoitwa 1/2.3, yenye upana wa milimita 6.2 na kimo cha 4.6. Eneo lake ni kama milimita mraba 28, dogo kuliko ukucha wa kidole chako. Sensa inayoitwa ya "inchi 1" ni milimita 13.2 kwa 8.8. Usiulize inchi yenyewe ilienda wapi, hilo ni jina tu. La maana ni kwamba eneo lake ni milimita mraba 116, mara nne ya ile ndogo. Juu yake kuna APS-C, inayokaribia milimita mraba 370, mara 13 ya ile ya kwanza.

Hapa ndipo wengi huumia. Simu nyingi za kisasa zina sensa kubwa kuliko 1/2.3 kwenye kamera yake kuu. Tena simu hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha kuwa moja, jambo ambalo kamera nyingi za bei ya chini hazifanyi. Kwa hivyo ukinunua kamera ya 1/2.3 ukitarajia picha bora za usiku, umelipa pesa kurudi nyuma.

Rudi kwa orodha yako

Kama adui wako ni giza na watu wanaosonga, tafuta sensa ya inchi 1 na lenzi yenye tundu pana. Upana huo huandikwa mbele ya lenzi kwa namba kama 1.8 au 2.8. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa pana na mwanga unavyoingia kwa wingi. Hapo kamera inaweza kupiga haraka kabla binamu hajageuka. Sony RX100 ndiyo iliyofungua njia mwaka wa 2012: gramu 240, inaingia mfuko wa suruali, na bei yake ya kwanza ilikuwa kama dola 650. RX100 III ya 2014 iliongeza lenzi ya 1.8 hadi 2.8. Canon G7 X Mark III ya 2019 ina lenzi ya aina hiyo hiyo, ina tundu la maikrofoni, na skrini yake hupinduka juu ukijirekodi. Ndiyo maana watu wa video wanaipenda. Lakini ina gramu 304, na betri yake hupimwa kwa picha 235 hivi. Safari ya siku nzima bila betri ya pili itakuacha kwa mataa.

Kama unachotaka ni mtaa, yaani River Road asubuhi, mama akipanga nyanya, vivuli vya jioni kwenye kuta, iangalie Ricoh GR III ya 2019. Ina sensa ya APS-C ndani ya mwili wa gramu 257. Hakuna kamera nyingi zinazobeba sensa kubwa hivyo mfukoni. Lakini haina zumu, haina flashi ndani yake, na betri hukata pumzi kwenye picha 200. Ukitaka kitu kikae karibu, utatembea. Kuna wanaopenda hivyo, kuna wale itawakasirisha siku ya pili. Fujifilm X100VI ya 2024 ina sensa ya aina hiyo na megapikseli 40, ila ni gramu 521 na ilianza kuuzwa kwa dola 1,599. Hiyo si ya mfukoni, ni ya begi, na begi likiachwa nyumbani kamera nayo imeachwa.

Kama shida ni umbali, chunga neno "zumu". Zumu ya kweli husogeza vioo ndani ya lenzi. Ile inayoitwa ya kidijitali hukata katikati ya picha na kuipanua tu, kitu unachoweza kufanya mwenyewe kwa simu bure. Upana wa lenzi huandikwa kwa milimita: 24 inachukua chumba kizima, 200 inaleta mbele ndege aliye juu ya mti. Sony RX100 VI na VII zinafika 200 zikiwa na sensa ya inchi 1. Sony HX99 inafika 720 na bado inaingia mfukoni, lakini sensa yake ni ile ndogo ya 1/2.3. Mchana ukiwa mbugani itakufurahisha. Jua likizama, iweke kando. Zumu ndefu, sensa kubwa na mwili mdogo havijawahi kulala kitanda kimoja. Lazima uchague viwili.

Kama ni maji, yaani wewe ni mtu wa Watamu au Kisite na unataka kupiga samaki, Olympus TG-6 inazama mita 15 bila mfuko wowote. Sensa yake ni ndogo, kwa hivyo usiibebe klabu usiku ukitarajia miujiza. Kazi yake ni moja, na hiyo inaifanya sawasawa.

Sura zetu kwenye kivuli

Nimeiacha ya mwisho ile ya rafiki mbele ya ukuta mweupe, kwa sababu hiyo dawa yake haiuzwi dukani. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vitatoa rangi ya kijivu. Ukuta mweupe au anga la mchana likijaa kwenye picha, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Ukuta unabaki poa, lakini ngozi nyeusi inazama na macho yanapotea.

Suluhisho ni kuiambia iongeze. Karibu kila kamera ina alama ya jumlisha na kutoa. Peleka kwa +1, piga tena. G7 X Mark III ina gurudumu lake maalumu juu kwa kazi hiyo. Hata simu inaweza: kwa nyingi unagusa uso wa mtu kwenye skrini, kisha unapandisha kile kijua kinachotokea. Kama nusu ya malalamiko kwenye orodha yako ni haya, jaribu hivyo kwa wiki mbili kabla hujatoa hata shilingi. Flashi halisi ya kamera pia husaidia hapa, hata mchana. Inawasha uso ulio kivulini, na taa ya simu haina nguvu hiyo.

Zile za zamani

Najua unaniuliza kuhusu zile kamera za miaka ya 2000, zenye flashi kali na rangi za enzi ya Nameless na E-Sir. Kama unapenda ule muonekano, sawa, ni mapenzi na hayana ubishi. Jua tu unanunua muonekano, si ubora, na usikubali kulipa kama unanunua ubora.

Cha kuangalia kwanza ni kadi. Olympus na Fujifilm nyingi za wakati huo zilitumia kadi za xD, na Sony zilitumia Memory Stick. Hizo hazipatikani ovyo siku hizi, kwa hivyo kamera ije na kadi yake au uachane nayo. Hata zinazotumia SD, zile za zamani sana hukataa kadi inayozidi GB 2. Kamera ya bei ya kutupa isiyo na kadi ni pambo la kabati.

Ukinunua iliyotumika

Iwe ni duka la Luthuli, Moi Avenue, au mtu mmekutana mtandaoni, usitume M-Pesa ya "kushikilia mzigo". Kutaneni mahali penye watu, ujaribu kwanza, ulipe baadaye. Nenda na kadi yako, kisha ufanye haya:

Iwashe na uizime mara kumi. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza wala kusita. Mchanga ukishaingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi, kazi imeisha.

Vuta zumu hadi mwisho, upige picha ya ukuta mweupe au anga. Ukiona madoa yaleyale mahali palepale kila picha, kuna vumbi ndani. Kamera ndogo lenzi haitoki, kwa hivyo kuisafisha ni kuifungua yote kwa fundi.

Toa betri uione. Ikiwa imevimba, hesabu bei ya mpya. Uliza chaja iko wapi.

Fungua menyu. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japan mara nyingi huwa na menyu ya Kijapani pekee, na huibadilishi. Zinauzwa rahisi kwa sababu hiyo.

Mwisho, dai risiti yenye namba ya kamera na jina la anayekuuzia. Ukinunua mali ya wizi, itakayekufuata ni shida ya mtu mwingine.

Usimalize bajeti yote kwa kamera. Weka kando ya betri ya pili, kadi, na kamba ya mkononi. Ndani ya matatu ikiwa foleni, kamera iliyo dirishani ni ya mpita njia. Na ukishaanza kupiga, jua kamera huvuta macho kuliko simu. Usiilenge Ikulu wala kambi ya jeshi. Soja wa mall akikukataza, usibishane naye. Mama wa nyanya naye ana haki ya kusema hapana. Msalimie kwanza, nunua nyanya, kisha uombe.

Siku ya kwenda dukani, beba orodha yako. Kama ulichoandika ni giza na mwendo, tafuta kona yenye mwanga hafifu, mwambie rafiki apunge mkono, umpige kwa kamera, kisha umpige kwa simu. Weka picha mbili kando kwa kando, uzipanue hadi uone kope za macho. Kama kamera haijaishinda simu kwa lile jambo uliloandika, sema asante na utoke. Muuzaji atanuna kidogo, lakini aliyekula githeri miezi sita ni wewe.