Bukoba: nani atalipia mapagale?

Pagale la Bukoba halifichiki. Kuta za tofali za kuchoma zimesimama, mabati yameshang'olewa, ufa umepanda kutoka kona ya dirisha mpaka kwenye lenta, na sebuleni umeota mgomba. Katika kata kama Kashai, ambako watu wamebanana, kiwanja kulala hivyo ni hasara.

Mengi yalichakaa taratibu. Mengine yalipigwa na tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Michango ilimiminika kutoka ndani na nje ya nchi, na Sekondari ya Ihungo ikajengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Lakini Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba akasema wazi kwamba Serikali haitamjengea mtu nyumba. Wenye uwezo walijenga. Wasio nao, kuta zao zilibaki.

Fedha za hifadhi na za benki nazo hazilifikii pagale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886. Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, hivyo hata majengo ya Wajerumani na maduka ya zamani ya Wahindi hungoja tangazo la waziri ili yalindwe. Benki hutaka hati, na hati mara nyingi ina jina la marehemu. Warithi wametawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Kampala, na kikao cha ukoo hakijakaa.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye mirathi na upimaji wa viwanja, saruji ifuate. Msimamizi wa mirathi akishathibitishwa mahakamani, yupo wa kusaini mkataba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa mkopo huo, kikundi cha maseremala au mafundi cherehani kingeweza kukarabati pagale na kufanyia kazi humo, gharama ikikatwa kidogo kidogo kwenye kodi ya pango. Warithi wangebaki na jengo lao, mtaa ukapata karakana.

Sharti moja lisilegezwe: mhandisi wa manispaa akague kila ukuta kabla fundi hajaingia. Bukoba imeshatikisika, na rangi mpya haizibi ufa.