Tamu, Kali na Dufu: Maneno ya Kuonja Tembo Katika Visiwa vya Lamu

Imezoeleka kudaiwa kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya kuelezea ladha ya vileo, hata mfasiri akikabidhiwa maelezo ya wiski ya Uskoti huona hana budi kuazima. Wenye dai hilo hulisahau tembo. Katika visiwa vya Lamu, ambako wenyeji wengi ni Waislamu na kileo ni haramu, maneno ya tembo yamo vinywani mwa watu hata wasiolinywa.

Mgema hukata kwa kotama ncha ya karara lisilochanua, na utomvu hutonea katika kibuyu. Likiteremshwa upesi ni tembo tamu. Lakini chachu huanza kazi papo hapo. Kwa saa chache limekuwa tembo kali, na likiachwa siku kadhaa ni siki. Kwa hiyo "tamu" na "kali" hapa hazitaji ladha peke yake, bali umri pia, na umri huo huhesabiwa kwa saa.

Yako tena maneno ya mwonjaji hasa: "dufu" au "chapwa" kwa lisilokolea, "ukakasi" kwa likaushalo ulimi, "kukereketa" kwa liwashalo koo, na "chungu", ambalo kwa Kiamu ni "tungu". Methali ya mgema asifiwaye akalitia tembo maji (Waamu husema "mai") hufundishwa kama onyo juu ya sifa. Ni nadra kuelezwa kwamba hila ya mgema hufaulu kwa yule tu asiyelitambua tembo dufu. Methali hiyo imehifadhi pia upatanisho wa li-, ambao hauna nafasi kwa wanywaji wa Mombasa na Kilifi wakiitapo kinywaji chenyewe "mnazi".

Sasa ichukuliwe wiski ya kimea cha shayiri itokayo katika kiwanda kimoja. Sheria yataka ikae ndani ya mapipa ya mwaloni miaka 3 au zaidi, na kileo chake kisipungue asilimia 40. Mfasiri akiiita "kali" tu, msomaji aliyelelewa na msamiati wa tembo aweza kudhani imeachwa ikapita wakati wake. Wiski nyingi za kisiwa cha Islay zina harufu ya moshi, kwa kuwa kimea chake hukaushwa kwa moto wa mboji. Neno la harufu hiyo halina haja ya kubuniwa: pwani mtungi hufukizwa ubani ili maji ya kunywa yanukie, na wiski hiyo yaweza kuitwa iliyofukizwa.

Kigumu ni umri. Tembo lililolala limeharibika, ilhali wiski iliyolala miaka 12 husifiwa kwa hilo. Hapo "kukomaa", litumikalo kwa nazi, lafaa kuliko "kulala".