Namba ya siri ya duka haipaswi kujulikana na kila mtu

Mwenye duka la nafaka mjini Kigali anayepokea malipo kwa simu hategemei tena droo yenye kufuli. Fedha zake zinalindwa na namba ya siri yenye tarakimu chache, ambayo aghalabu inajulikana pia na muuzaji, mdogo wake na kijana aliyeacha kazi mwaka jana. Kwa biashara ndogo na za kati, hatari hiyo iko karibu zaidi kuliko wadukuzi wa ng'ambo.

Hila iliyozoeleka ni nyepesi mno. Mteja mwenye haraka anachukua magunia, na ujumbe unaingia ukifanana kabisa na taarifa ya malipo, ila umetumwa kutoka namba ya mtu binafsi. Wakati mwingine tapeli hupiga simu akidai kwamba ametuma fedha kimakosa, akaomba arudishiwe. Dawa ni moja: muuzaji aangalie salio la akaunti yenyewe kabla ya kutoa mzigo au kurudisha chochote. Ikiwa salio halikubadilika, hakuna kilicholipwa, hata mteja akinung'unika.

Kampuni za kiasi cha kati hunaswa kwa njia ya barua pepe. Mwizi aliyepata neno la siri la mhasibu husoma mawasiliano kimyakimya, akisubiri ankara kubwa. Kisha huandika kwa jina la msambazaji kwamba akaunti ya benki imebadilika. Hapo mhasibu ampigie msambazaji kwa namba aliyo nayo tangu zamani, si ile iliyomo katika barua. Uthibitisho wa hatua mbili nao ungemzuia mwizi wa aina hii mara nyingi, na kuuwasha hakugharimu kitu.

Kuhusu kompyuta, mfano wa WannaCry ungali na uzito. Kirusi hicho kilifunga mafaili ya watu duniani kote Mei 2017, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo tangu Machi. Ofisi inayotumia programu za kunakiliwa, zisizopokea masasisho, imeokoa fedha kidogo na kuacha mlango wazi. Nakala za hesabu ziwekwe katika diski inayochomolewa baada ya kazi.

Liko pia suala la sheria. Sheria namba 058/2021 ya Rwanda kuhusu ulinzi wa data binafsi inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu, iwe zahanati au shule, aijulishe Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Mtandao ndani ya saa 48 baada ya kugundua kwamba taarifa hizo zimevuja. Wengi hunyamaza kwa kuona haya, na wizi ukaendelea kwa jirani.

Aliyeibiwa aanze kwa kuipigia kampuni yake ya simu au benki, maana fedha zikishatolewa taslimu ni vigumu kuzirejesha. Kisha aende katika kituo cha RIB, bila kufuta ujumbe hata mmoja.