Matapeli wa simu hutegemea haraka ya mwathiriwa

Mwenye duka mtaani Fedha, eneo la Embakasi jijini Nairobi, anapowahudumia wateja wa jioni huwa hana nafasi ya kusoma arafa mara mbili. Ni wakati huo ambapo ujumbe huingia ukidai kuwa amepokea Sh4,500 kutoka kwa mtu asiyemfahamu.

Kabla hajatafakari, simu inalia. Mpigaji, kwa sauti ya unyonge, anaeleza kuwa alikosea nambari, pesa zilikuwa za kumnunulia mgonjwa dawa, na anaomba arudishiwe upesi.

Akizituma, huwa ametoa fedha zake mwenyewe. Hakuna senti iliyokuwa imeingia.

Huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Machi 2007, na ulaghai wa namna hii haukukawia kuifuata. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba tapeli huyu havunji mtambo wowote. Humwomba mwenye akaunti amfungulie mlango, kisha humhimiza ili asipate muda wa kuchunguza.

Kinga ya kwanza, basi, ni kuangalia salio badala ya kuamini arafa. Ujumbe halali huja kwa jina MPESA. Ule wa bandia aghalabu hutoka kwa nambari ya kawaida ya simu, hata ukiwa umenakiliwa neno kwa neno. Salio lisipobadilika, hakuna kilichopokelewa.

Itokeapo kwamba pesa zimeingia kweli, mpokeaji hapaswi kuzituma kwa nambari anayotajiwa. Aliyekosea anaweza kusambaza ujumbe wake wa malipo kwa nambari 456, na kampuni ya Safaricom ishughulikie ombi lake. Mtu mkweli hatakataa njia hiyo.

Hila ya pili ni hatari zaidi. Mpigaji hujitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu, akauliza nambari ya kitambulisho na ya siri, au akamwelekeza mteja kubonyeza tarakimu fulani. Lengo lake huwa ni kuihamishia laini ya mteja kwenye kadi nyingine, kisha kuchota akiba na hata kukopa kwa jina lake. Laini ikikosa mtandao ghafla ilhali simu za majirani zinafanya kazi, mwenyewe anafaa kuwasiliana na kampuni pasipo kuchelewa.

Safaricom imewahi kuwatangazia wateja kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000 pekee, na kwamba nambari za walaghai ziripotiwe kupitia 333. Nambari ya siri haifai kutajiwa mtu yeyote, hata huyo mhudumu.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inaruhusu mshtakiwa akipatikana na hatia ya ulaghai wa kompyuta kutozwa faini ya hadi Sh20 milioni, kifungo cha hadi miaka 10, au adhabu zote mbili. Hata hivyo, sheria haiwezi kumfikia mhalifu asiyeripotiwa. Waathiriwa wengi hunyamaza kwa kuona haya, na nambari iliyomwibia mmoja leo humpigia jirani yake kesho.